Marehemu wa Kwanza Langoni

Jumatatu, 4 Machi

Kiwanda chetu kimepandishwa daraja! Asubuhi meneja alitukusanya katika ukumbi wa chakula, akatangaza kwamba kwa sababu ya wingi wa klorini tunayoihifadhi, sasa tumeandikishwa katika daraja la juu la viwanda vyenye hatari ya ajali kubwa za kemikali. Alitangaza kwa uso wa mtu anayesoma hukumu ya kifungo. Mimi nilipiga makofi. Nilipiga peke yangu. Wengine hawakuelewa heshima tuliyopewa. Viwanda ni vingi mjini. Vyenye uwezo wa kuangamiza mtaa mzima ni vichache.

Daraja jipya lina masharti yake. Lazima lifanyike zoezi la dharura mbele ya mkaguzi, wiki hii hii, siku isiyotajwa. Lazima majirani wote wa nje ya ukuta waelezwe la kufanya king'ora kikilia. Na lazima, hapo ndipo nilipoamka kabisa, kiwanda kiwe na Msimamizi wa Dharura. Cheo kipya! Chenye chumba chake na mlango wake!

Tunaokifaa ni wawili tu. Mimi, ninayeongoza watu wa ofisini na karakana, na Mama Mitungi, anayeongoza chumba cha kujazia gesi. Meneja amesema kwamba atakayeongoza watu wake vizuri zaidi siku ya zoezi ndiye atakayepewa. Kwa Mama Mitungi hilo ni suala la cheo. Kwangu ni suala la kuwapo. Utumishi wangu unakwisha mwisho wa mwezi huu. Nikipata cheo, nabaki. Nikikosa, narudi nyumbani kuketi sebuleni na kuulizwa kama nataka chai.

Baada ya kikao meneja aliniuliza nimefika wapi na majirani. Kazi hiyo alinipa tangu Januari, tulipokuwa bado tunangoja uamuzi wa daraja. Nilimjibu kwamba jambo hilo linaendelea. Si uongo. Linaendelea kichwani mwangu. Haiwezekani niende kugonga milango ya watu nikiwa mtu wa karakana tu. Nitakwenda nikiwa Msimamizi wa Dharura, kofia mpya kichwani, nikaribishwe ndani na kuvutiwa kiti. Hata mke wangu sijamwambia. Akijua yeye, jirani yetu fundi cherehani atajua kabla chai haijapoa, na mtaa mzima utakuwa umeelezwa bila mimi.

Jumanne, 5 Machi

Nimeipata siku! Sikupeleleza, nilitumia akili. Niliingia jikoni kutafuta maji ya moto, nikamkuta mpishi akinung'unika. Meneja amemwagiza kwamba Alhamisi achelewe kupakua chakula cha mchana, tena aandae chai isiyo na sukari kwa ajili ya mgeni. Nilimuuliza ni mgeni gani. Akasema yeye hapikii majina, anapikia matumbo.

Inatosha. Zoezi ni Alhamisi asubuhi. Kwa furaha nilimsifu mpishi kwa mchuzi wake, mara ya kwanza tangu tufahamiane. Alinitazama kwa mashaka, akaniuliza kama ninaumwa.

Mpango ni mwepesi. Mahali petu pa kukusanyika ni langoni, chini ya ubao wa kijani. King'ora kikilia, watu wangu wawe pale kabla Mama Mitungi hajamaliza kuvua glavu. Mchana niliwatoa wote uani, nikawaambia kuwa ni mazoezi ya viungo kwa ajili ya afya zao. Kutoka ofisini hadi langoni, mbio! Kutoka karakana hadi langoni, mbio! Mhasibu alilalamika kwamba viatu vyake vina visigino. Nilimwambia kwamba klorini haimngoji mtu abadili viatu. Fundi wa mitambo aliuliza kwa nini mazoezi ya afya lazima yaishie langoni kila mara. Nikapuliza filimbi. Filimbi ni jibu zuri kwa maswali mengi.

Jumatano, 6 Machi

Tumefanya mazoezi asubuhi na alasiri. Wameiva! Mhasibu amekuja na raba. Hata karani mnene wa mapokezi sasa anafika akiwa bado anaweza kutamka jina lake.

Mama Mitungi alisimama mlangoni mwa chumba cha kujazia, mikono kiunoni, akitutazama. Ni mwanamke mwenye sauti ya kushinda injini, na hajui kuitumia nusu. Aliniita babu mbele ya watu, akauliza kama tunafukuza au tunafukuzwa. Nilimjibu kwamba watu wangu wanajifunza njia.

"Njia wameijua, babu," akasema. "Na upepo je, wameuuliza?"

Akaonyesha kwa kidevu ile soksi kubwa ya kitambaa iliyo juu ya mlingoti, inayofura kuonyesha upepo unakokwenda. Watu wake wakacheka. Wangu pia wakacheka, wasaliti.

Soksi ile naijua. Niliipandisha mwenyewe. Na ninajua kwamba hapa kwetu upepo hutoka upande wa lango ukaelekea kwenye mitungi, na sijawahi kuuona ukigeuka saa za kazi.

Jioni nilirudi nyumbani taratibu. Nyumba yetu iko ng'ambo ya barabara, mkabala na lango. Ukuta wa kiwanda ndio tunaoutazama tukila. Watoto wetu wamekulia hapa, wakaoa na kuolewa, wakaenda zao. Miaka yote hiyo mke wangu ameutazama ukuta ule bila kuuliza kilicho nyuma yake. Leo ameuliza. Kwanza aliuliza kwa nini siku hizi ninarudi nimelowa jasho. Kisha akauliza kuhusu ile harufu kali inayopita mara mojamoja, kama ya dawa ya kung'arishia nguo, ikiwa ni salama. Nilimwambia kuwa hiyo ni harufu ya usafi. Akasema hakuuliza kama ni safi, aliuliza kama ni salama. Nikasema chakula cha leo kimekolea sana.

Alikusanya sahani. Nilitaka kumwambia. Maneno yenyewe ni machache: ingia ndani, funga madirisha, ziba chini ya mlango kwa kitambaa kilicholowa, usitoke mpaka uambiwe. Yangeisha kabla hajafika jikoni. Lakini kesho kutwa nitayasema nikiwa na cheo. Siku mbili hazimdhuru mtu.

Alhamisi, 7 Machi

Naandika nikiwa marehemu.

Asubuhi nilijipanga vizuri. Kila mtu wangu alikaa karibu na mlango. Mhasibu alifanya hesabu akiwa amesimama. Gari la mkaguzi likaingia, akashuka mtu mwembamba, mpole, mwenye sauti ya kumbembeleza mtoto. Akanywa chai yake isiyo na sukari. Halafu king'ora!

Tulitoka kama tumefyatuliwa. Sijawahi kuona kitu kizuri kama kile: ofisi na karakana pamoja, raba na mabuti, wote langoni chini ya ubao wa kijani kabla king'ora hakijashusha pumzi. Niliwahesabu. Hakupungua mtu! Nikapuliza filimbi, nikasimama wima, nikamsubiri mkaguzi na pongezi zake.

Alikuja polepole, akiwa amebeba kadi. Hakututazama sisi. Alitazama juu ya vichwa vyetu. Nikageuka. Soksi ilikuwa imefura barabara, imenyooka kama kidole, na kilichokuwa kikionyeshwa na kidole hicho ni sisi. Leo, leo hii, upepo ulikuwa umegeuka! Ulitoka kwenye mitungi, ukaja moja kwa moja langoni.

Alinipa kadi nyekundu. Nikafikiri ni ya mshindi. Akaniambia, kwa upole ule ule, kwamba anasikitika kunijulisha kuwa nimefariki dunia. Kisha akawapa wenzangu, mmoja mmoja, kama anayegawa vitafunio. Mhasibu aliuliza kama marehemu wanaruhusiwa kwenda kula. Fundi wa mitambo akasema kwamba kwenye mpira kadi nyekundu hupewa mchezaji, lakini leo amepewa kocha na timu yote.

Hapo ndipo nilipowaona majirani. King'ora kilipolia wote walitoka majumbani, wakavuka barabara, wakaja kujipanga kwenye vyuma vya lango kutazama kuna nini. Fundi cherehani na tepu yake shingoni. Kinyozi na mteja wake aliyenyolewa upande mmoja. Na mbele yao wote mke wangu, mikono imejaa unga, akinitafuta kwa macho. Aliponiona alishusha pumzi, akatabasamu.

Mkaguzi akampitishia kadi katikati ya vyuma. Mke wangu aliipokea kwa ncha za vidole, asiichafue kwa unga, akauliza ni ya nini.

"Samahani sana, mama," mkaguzi akasema. "Umefariki."

Aliitazama kadi, kisha akanitazama mimi. "Na huyu?"

"Huyu ndiye wa kwanza."

Watu walicheka. Yeye hakucheka. Mkaguzi akawauliza majirani kama kuna aliyewahi kuja kuwaeleza la kufanya wakisikia king'ora. Fundi cherehani akasema hakuja mtu. Kinyozi akasema hakuja mtu. Meneja akageuka kunitazama. Nilijishughulisha na kamba ya filimbi.

Mke wangu akasema, bila kupaza sauti: "Mimi nalala naye chumba kimoja, na sijaambiwa."

Basi. Watu wa Mama Mitungi walikuwa upande wa pili, kwenye kile kilima kidogo nyuma ya tangi la maji, mbali na njia ya upepo. Walichelewa. Walikwenda kwa miguu, hawakukimbia, tena wakimbeba mwenzao aliyepangiwa kuwa majeruhi. Walitoka wakatazama soksi kwanza, ndipo wakachagua pa kwenda. Wote hai! Kadi za kijani! Mama Mitungi alizipunga kutoka kule juu, akapaza sauti kunipa pole za msiba.

Nyumbani mke wangu ameiegemeza kadi yake kwenye kopo la sukari. Tumekunywa chai, marehemu wawili, ukuta ukiwa mbele yetu. Kisha akaniuliza: king'ora kikilia kweli, afanye nini? Sauti yake haikuwa ya ugomvi. Ingekuwa ya ugomvi ningejua la kujibu. Nilimwambia kwamba maelezo yatatolewa rasmi kwa wakati wake na mhusika.

"Haya," akasema. "Nitasubiri nikiwa maiti."

Ijumaa, 8 Machi

Nimewasilisha malalamiko kwa meneja. Hoja yangu ina nguvu. Upepo wa jana haukuwa wa kawaida, na si haki kumpima mtu kwa upepo usio wa kawaida. Niliomba zoezi lirudiwe siku ambayo upepo una nidhamu. Meneja alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kitu kimoja tu: tangu Januari, nimegonga milango mingapi? Nilianza kumweleza kuhusu kofia. Akainua mkono.

Cheo amepewa Mama Mitungi. Mimi nimeambiwa nimalizie likizo yangu kuanzia leo, mpaka mwisho wa mwezi, na kwamba kiwanda kinanishukuru. Meneja alinipa mkono akaniita mzee wetu. Miaka yote alikuwa ananiita mkuu.

Nilifungua kabati langu. Kofia ngumu, glavu, kikombe kisicho na mkono. Nilidhani ningehitaji begi. Mfuko wa plastiki ulitosha. Nilipokuwa natoka nilisimama uani kidogo. Mitungi ilikuwa imelala kwenye safu zake, ya njano, kimya. Gesi hii ina tabia moja ambayo imekuwa ikinisumbua tangu nilipoajiriwa: ni nzito kuliko hewa. Moshi hupanda, unamwacha mtu. Hii hushuka, ikatambaa chini, ikatafuta milango, kama mgeni anayejua nyumba. Nilikuwa nikiwaeleza hilo waajiriwa wapya, na kila mara walinyamaza. Nilipenda ukimya huo. Nani sasa atanyamaza nikisema?

Jumamosi, 9 Machi

Nimepata mpango wa kurekebisha kila kitu. Ikithibitika kwamba majirani waliambiwa tangu Januari, ila wamesahau, meneja hatakuwa na hoja. Kinachotakiwa ni wao wakubali tu.

Nilianza kwa fundi cherehani. Nilimkuta ameinamia mashine. Nilimwomba aseme, meneja akimuuliza, kwamba niliwahi kumwambia. Akasimamisha gurudumu kwa kiganja.

"Nikubali kuwa niliambiwa nini?"

Nilimweleza kwamba kwanza akubali, hayo mengine yatafuata kwa utaratibu. Akauliza anawezaje kukubali jambo asilolijua. Nikasema ndiyo maana inaitwa imani. Akauliza kama ninajua la kufanya king'ora kikilia. Nikasema najua sana! Akauliza basi kwa nini simwambii sasa hivi, nikiwa nimesimama mlangoni pake, na mdomo ninao. Nikasema kwamba nikimwambia leo, nitakuwa nimekiri kwamba sikumwambia Januari.

Aliinuka kitini. Kisha akanifukuza kwa rula ya mbao. Nimekimbia vizuri. Mazoezi yamesaidia.

Kinyozi alikuwa muungwana zaidi. Alisema yuko tayari kukubali kwamba nilimwambia, iwapo na mimi nitakubali kwamba zile nywele alizoniharibia mwaka jana alizipatia. Nikakataa. Mtu lazima awe na mipaka.

Jumatatu, 11 Machi

Siku ya aibu. Mama Mitungi anapita nyumba kwa nyumba! Hana hata kofia mpya. Amevaa buti zake zile zile na kitambaa kichwani, anagonga, anaingia, anaketi popote. Nilimwona dirishani akitoka kwa fundi cherehani, nikaenda chumbani nikajilaza na kujifunika shuka.

Nilisikia yote. Alimwamkia mke wangu, akaambiwa karibu, akasema kiti cha nini, jikoni panatosha. Akauliza kama babu yupo. Mke wangu akasema babu amelala. Mama Mitungi akasema, kwa ile sauti yake, kwamba babu atoke tu, hapigwi mtu. Nikakoroma.

Kisha akamweleza. King'ora kikilia, mama, usije langoni, hakuna sinema. Ingia ndani. Funga madirisha, yale ya jikoni kwanza kwa sababu ndiyo yanayotazama ukuta. Taulo lenye maji chini ya mlango. Usifungulie mtu, hata akija mwanao, hata akija nani, mpaka king'ora kilie kwa vipandevipande, ndiyo kusema hatari imekwisha. Na ukikutwa nje mbali na nyumba, tazama upepo unakotoka, uukwepe kwa ubavu, kisha panda juu. Gesi hii hukaa chini.

Ni maneno yangu! Yote! Nilimfundisha mwenyewe alipoajiriwa. Lakini hakuyasema kwa heshima inayostahili. Aliyasema kama mtu anayeeleza namna ya kupika wali. Halafu wakajaribu. Nilisikia madirisha yakifungwa, maji yakimiminwa, taulo likiburutwa. Wakacheka. Mke wangu akauliza maswali mengi, na kila swali lilijibiwa. Mwishoni akasema ahsante, mwanangu, kwa sauti ambayo sijaisikia siku nyingi.

Alipoondoka, mke wangu alikuja kusimama mlangoni mwa chumba. Akasema anajua siko usingizini, kwa kuwa huwa sikoromi hivyo. Akasema chai ipo. Nikavuta shuka. Baadaye nilikwenda kuinywa, ilikuwa imepoa.

Alhamisi, 14 Machi

Imevuja kweli.

Nilikuwa natoka kwa kinyozi. Nimefika karibu na nyumba, king'ora kikaanza. Nikajua mara moja kwamba Mama Mitungi anafanya mbwembwe za cheo kipya. Zoezi jingine, wiki moja tu baada ya lile! Nilitembea bila haraka, nikagonga mlango wangu.

Haukufunguliwa. Nikagonga tena. Mke wangu akaitika kutoka ndani, akauliza ni nani. Nikasema ni mimi. Akaniambia, karibu sana na mbao, nikahisi kama anazungumza na shavu langu: "Baba watoto, sifungui."

Nilimwambia kwamba hii ni nyumba yangu. Akakubali. Nilimwambia kwamba ni zoezi tu. Akauliza nimejuaje. Nilimwambia kwamba nimefanya kazi na king'ora hicho tangu kilipofungwa na ninakijua kuliko yeye. Akasema basi bila shaka ninajua la kufanya nikikutwa nje. Nilizunguka nyumba nikijaribu madirisha. La jikoni, limefungwa. La chumbani, limefungwa. Kila nilipofika, yeye alikuwa amefika kwa ndani, uso wake kwenye kioo, akinifuata dirisha kwa dirisha, akitikisa kichwa.

Ndipo nikainusa. Kidogo tu, kama ndoo ya dawa iliyofunguliwa chumba cha pili. Macho yakaniwasha. Nilisimama nikiwa sijui mguu upi utangulie. Mimi! Mke wangu alikuwa anapiga kioo kwa kiganja, akionyesha kitu nyuma yangu. Nguo za fundi cherehani, kwenye kamba. Zilikuwa zimevutwa zote upande mmoja, mikono ya mashati ikielekea mwisho wa mtaa. Akaonyesha mashati, kisha akaonyesha kulia, kuelekea ngazi za barabara ya juu. Nenda, akasema bila sauti. Nenda!

Nikaenda. Nilikwenda mbio, nikiukata upepo kwa ubavu, nikapanda ngazi zile na kukohoa mpaka juu. Huko nilikuta watu wachache waliokutwa njiani kama mimi. Nikageuka kutazama.

Sijawahi kuuona mtaa wetu hivyo. Hapakuwa na mtu hata mmoja langoni. Hapakuwa na mtu mlangoni. Nyumba zote zimefumba macho, na mashati ya fundi cherehani tu ndiyo yaliyokuwa yakihangaika. Juu ya ukuta kulikuwa na kitu chepesi cha kijani kibichi, kama vumbi la majani, kikapita chini chini kuvuka barabara, kikagusa kuta zetu, kikachanika, kikaisha. Hakikudumu. Lakini kilipita pale pale kwenye vyuma vya lango, pale alipokuwa amesimama na unga mikononi. Nilijiambia jambo fulani wakati ule. Lilikuwa jambo kubwa. Nilipoanza kulifikiria vizuri, king'ora kikalia vipandevipande, watu wakashangilia, nikalisahau.

Ilikuwa koki ya mtungi mmoja. Mama Mitungi na watu wake waliifunga wakiwa na barakoa zao za gesi. Hakuumia mtu, ndani wala nje.

Mke wangu alinifungulia. Alinishika uso kwa mikono yote miwili, akaugeuza huku na huku kama anayenunua tikiti. Akaninawisha macho kwa maji mengi. Macho yake mwenyewe yalikuwa mekundu. Nilimuuliza kama gesi imeingia ndani. Akasema gesi haikuingia.

Kisha akanigombeza kwa kuzunguka madirisha badala ya kukimbia, na akaendelea mpaka chakula kikawa tayari.

Ijumaa, 15 Machi

Nimetafakari. Usingizi umeniwezesha kuyaona mambo ya jana kwa usahihi. Ukweli ni huu: nilifika barabara ya juu salama, nikasimama mbele, na wote waliokuwapo walikuwa nyuma yangu. Yaani niliwaongoza. Kama kuna mtu wa kuulinda mtaa huu, ni mimi, na si kwa kuajiriwa na mtu. Kwa kura!

Mtaa unachagua mwenyekiti wa kamati ya usalama Jumapili ya wiki ijayo, tarehe 24. Nitagombea. Kinachokosekana ni jambo la kuwaambia wapiga kura, jambo ambalo hakuna mwingine analijua.

Nalo limekuja lenyewe hadi mlangoni! Asubuhi fundi wa mitambo alipita, akaniamkia vizuri, akasema ametumwa na Mama Mitungi. Jana watu wengi wa mitaa mingine walichanganya milio. Kwa hiyo kuanzia Jumatatu hii itabadilishwa: kilio kirefu, ambacho sasa ni cha hatari, kitakuwa cha kuashiria kwamba hatari imekwisha, na kile cha vipandevipande, ambacho sasa hufungulia milango, ndicho kitakachokuwa cha hatari. Mitaa mingine wanaipitia wao. Huu wetu, Mama Mitungi amesema aachiwe babu. Anajulikana, ana muda, na baada ya yaliyompata jana hatachelewa. Aliniuliza kama nitaweza kuwaambia watu kabla ya Jumatatu. Nilimhakikishia kwamba jambo hilo linaendelea.

Nimekwisha kuandaa hotuba. Nitasimama hiyo tarehe 24, baada ya kuhesabiwa kura, nitangoje wanyamaze, kisha nitawaeleza. Ni siku chache tu. Koki imefungwa, mitungi imetulia, na hakuna mtu anayevujisha gesi wiki mbili mfululizo.

Mke wangu ameuliza yule fundi alikuwa anataka nini. Nimemwambia alikuja kunisalimia tu.